Mafundi Wawili wa Pikipiki

Msomaji, chopa ni pikipiki ya Kimarekani iliyopunguzwa vyuma ili iwe nyepesi. Vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele ni virefu mno. Ili kuvifunga, fundi hukata shingo ya fremu na kuichomelea upya. Kazi hiyo si ya kubahatisha. Kiungo kikiachia njiani, mpandaji huanguka.

Mwaka 1969 chopa zilionyeshwa katika filamu iitwayo Easy Rider. Zilitengenezwa mjini Los Angeles na Wamarekani weusi wawili. Walianza na pikipiki kuukuu za polisi, zilizouzwa kwa mnada. Watu wa nchi nyingi walizisifu. Lakini majina ya mafundi hayakuandikwa katika filamu! Haya hapa, yasome kwa sauti:

Ben Hardy.
Cliff Vaughs.