Kuchanganya Maharagwe ili Yashinde Madoa ya Majani

Mvua za masika zikizidi, ingia katika shamba lo lote la maharagwe baina ya Tororo na Busia, ukageuze jani. Juu utaona madoa ya kahawia yenye pembe, kwa kuwa mishipa ya jani huyazuia yasienee mviringo. Chini yake mna vinywele vyeusi vidogo sana. Hivyo ndivyo vibebavyo vijimbegu vya kuvu. Jani hugeuka manjano, huanguka kabla maganda hayajajaa, na mkulima huvuna punje chache tena nyembamba. Kuvu hiyo hukaa katika mabua yaliyoachwa shambani, na huweza kusafiri ndani ya mbegu, wala askari wa forodha hawezi kuiona.

Dawa ya kunyunyiza ipo, lakini mwenye robo eka atainunua kwa nini? Afadhali mmea uwe na kinga yake wenyewe. Wataalamu waliipata kinga hiyo katika haragwe liitwalo Mexico 54. Taabu ni kwamba mama wa sokoni Busia hataki haragwe la kigeni. Yeye ataka punje kubwa, nyekundu yenye mabaka, kama K20, iliyotolewa na kituo cha Kawanda karibu na Kampala mwaka 1968, ambayo wakulima wa Uganda huiita Nambale. Mnunuzi wa upande wa Kenya naye huuliza Rosecoco, yenye mabaka vile vile.

Basi lazima kuchanganya. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, kwa hiyo hufunguliwa kwa kibanio lingali tumba, stameni zake zote 10 zikaondolewa, ndipo likapakwa chavua ya Mexico 54. Ni kazi ya mikono mitulivu. Kizazi cha kwanza chote huwa na kinga. Kikijizalisha, watoto hutoka kama njegere za Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1866: katika mimea 4, kwa wastani 3 ina kinga.

Lakini kizazi hicho ni nusu mgeni. Kwa hiyo hurudishwa kwa mama wa kienyeji: sehemu ya mama huwa 3/4, kisha 7/8, kisha 15/16. Kila mara majani hunyunyizwa maji yenye vijimbegu vya kuvu, na mimea inayougua hutupwa.

Kuvu nayo hailali. K20 ilichaguliwa ili ishinde chule, ugonjwa mwingine wa kuvu. Mwaka 1972 Colin Leakey na Simbwa-Bunnya walichapisha uchunguzi wao juu ya makabila mbalimbali ya kuvu ya chule katika Uganda. Kinga izuiayo kabila moja huweza kushindwa na jingine. Ndiyo sababu wataalamu wa Namulonge hujaribu kuweka jeni kadhaa katika punje moja. Hapo hesabu hukaza: jeni zikiwa 2, mimea 9 tu katika 16 huwa nazo zote, zikiwa 3, ni 27 katika 64. Tena mmea wenye jeni moja na wenye mbili huweza kuonekana safi sawasawa, hata macho yasiutambue, mpaka kipande cha jani kipelekwe maabara na jeni zake zisomwe.