Marejeo ni Ngamani: Msomi wa Ughaibuni na Suala la Kurudi Nyumbani

Utangulizi

Kila msomi wa Kiafrika anayefundisha ughaibuni huulizwa swali moja na jamaa zake, na marafiki zake na, pengine zaidi, na dhamiri yake mwenyewe: utarudi lini? Swali hili huonekana jepesi kwa kuwa linadai tarehe tu. Hata hivyo, ndani yake mna hukumu. Anayerudi husifiwa kuwa mzalendo, naye asiyerudi hushukiwa kuwa ameuza elimu aliyoipata kwa jasho la umma. Makala hii inadai kwamba hukumu hiyo haitoshi, na kwamba Kiswahili chenyewe kina kipimo kilicho bora zaidi. Inachunguza kwanza msamiati wa kurudi, kisha inatazama maisha ya wasomi kadhaa wa Afrika Mashariki na, mwishowe, inapima hesabu ambayo msomi wa leo anatakiwa kuifanya.

Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu mno. Kwa miaka mingi, mpango wa Fulbright umewachukua walimu vijana wa Kenya kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani. Masharti ya viza yao huwataka wakae nchini mwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu huko. Kwa hivyo, safari ya kwanza sheria huwajibia swali la kurudi. Safari ya pili, baada ya shahada ya uzamifu na kandarasi ya kazi, hulazimika kujijibia wenyewe.

Neno 'kurudi' na jamaa zake

Kitenzi 'rudi' kina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza ni kwenda tena mahali ulikotoka. Maana ya pili huhusu nguo: ikifuliwa ikapungua kimo, husemwa kuwa imerudi. Maana ya tatu ni kukanya au kuadhibu kwa nia ya kurekebisha, kama mzazi anavyomrudi mwanawe. Kitenzi 'rejea', chenye asili ya Kiarabu, nacho huzaa nomino 'marejeo', ambayo hutaja tendo la kurudi na pia orodha ya kazi ambazo mtafiti amezitegemea.

Maana hizi zikiwekwa pamoja, mjadala wote hubainika. Msomi aliye ughaibuni huiogopa maana ya pili: kwamba akirudi atarudi kama nguo, apungukiwe na maktaba, muda wa utafiti na kipato. Wanafunzi walio nyumbani huitumainia maana ya tatu: kwamba atarudi ili arekebishe yaliyopotoka. Watawala, kwa upande wao, wamewahi kuiogopa maana hiyo hiyo ya tatu. Watu watatu hutamka neno moja, na kila mmoja huwa na lake moyoni.

Methali inayotajwa mara nyingi katika muktadha huu ni 'Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani'. Kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha aliyetangatanga kwamba mwisho wa safari ni nyumbani. Matumizi haya ni sahihi, lakini yanasahau mambo mawili. Kwanza, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini inayokusanya maji yanayovuja. Zote tatu ni sehemu za chombo kimoja. Baharia wa methali hii hajakitoka chombo chake. Amekuwa akitembea ndani yake. Pili, ngama si sebule ya kupumzikia. Ni mahali pa kazi ya kuchosha, ambapo mabaharia huchota maji na kuyamwaga nje ili chombo kisizame. Anayerejea ngamani anarejea kwenye zamu ya kazi.

Kutokana na uchambuzi huu, maswali mawili yanachukua nafasi ya lile la tarehe. Je, msomi aliye mbali bado yumo ndani ya chombo? Na je, maji yaliyojaa ngamani yanaweza kuchotwa na mtu aliye wapi?

Walivyoondoka

Wasomi wengi wa kizazi cha kwanza hawakuondoka kwa tamaa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya maandishi yaliyohoji mwelekeo wa serikali ya Kenya. Alipotoka gerezani alikwenda Dar es Salaam, kisha London na baadaye Leipzig, Ujerumani, alikofundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 na kuachiliwa Desemba 1978, lakini hakurudishiwa kazi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akiwa London mwaka 1982 aliarifiwa kwamba usalama wake ungekuwa hatarini akirejea. Micere Githae Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo katika chuo hicho hicho, aliondoka mwaka huo huo na kufundisha Marekani na Zimbabwe. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo chenyewe kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Wimbi la pili lilisukumwa na uchumi. Marekebisho ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipunguza fedha za vyuo vikuu huku idadi ya wanafunzi ikiongezeka, nao mshahara wa mhadhiri ukapoteza thamani. Mifano haikukosekana nje ya Kenya pia. Euphrase Kezilahabi, aliyesomea uzamifu Marekani na kurudi Dar es Salaam, alihamia Chuo Kikuu cha Botswana katika miaka ya 1990. Mwandishi aliyeitikisa riwaya ya Kiswahili kwa Nagona na Mzingile akawa anafundisha katika nchi ambako Kiswahili si lugha ya umma. Aliaga dunia Dar es Salaam Januari 2020.

Tofauti kati ya mawimbi haya ni muhimu. Aliyefukuzwa na dola hawezi kulaumiwa kwa kutorudi wakati mlango umefungwa. Aliyeondoka kwa sababu ya mshahara ana uhuru zaidi wa kuchagua na, kwa hivyo, ana mzigo mzito zaidi wa kujieleza.

Sura nne za marejeo

Sura ya kwanza ni marejeo ya mwili. Baada ya KANU kushindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, wengi waliamini kwamba wakati wa kurudi umewadia. Ngũgĩ aliwasili Nairobi Julai 31, 2004, baada ya miaka 22, akapokewa kwa shangwe. Siku chache baadaye, usiku wa Agosti 11, yeye na mkewe walivamiwa na kudhulumiwa katika makao yao ya muda jijini. Alirejea California na kuendelea na ualimu wake huko, na aliaga dunia Marekani Mei 2025. Tukio hilo linafunza kwamba kubadilika kwa serikali hakumhakikishii anayerudi usalama.

Sura ya pili ni marejeo ya cheo na heshima. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliondoka Makerere wakati wa utawala wa Idi Amin na kuishi Marekani kwa takribani miongo minne. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, huku akiendelea kufundisha Binghamton. Alipofariki Oktoba 2014, mwili wake ulisafirishwa ukazikwa Mombasa. Chansela huvika watu shahada. Hasahihishi tasnifu zao. Marejeo ya aina hii huipa nchi fahari, lakini maji ya ngamani hubaki yalivyokuwa.

Sura ya tatu ni marejeo ya kitabu. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Osaka, Japani, na kwa muda mrefu Bayreuth, Ujerumani. Hata hivyo, Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006) zilichapishwa Nairobi, nayo Utengano (1980) ilitahiniwa katika shule za upili za Kenya kwa miaka kadhaa. Maelfu ya vijana walimjua Maimuna kabla ya kujua mwandishi wake anaishi wapi. Vivyo hivyo Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, ilhali mtunzi wake alikuwa amefungwa na serikali ya Jomo Kenyatta na tayari alikuwa nje ya nchi. Hapa maana mbili za 'marejeo' zinakutana: mtu hayupo, lakini anarejelewa katika kila tasnifu ya ushairi wa Kiswahili.

Sura ya nne ni marejeo ya kwenda na kurudi. Paul Tiyambe Zeleza, msomi wa Kimalawi, alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta katika miaka ya 1980, akaenda Kanada na Marekani, kisha akarudi Nairobi kuwa makamu wa chansela wa chuo kikuu cha USIU-Africa kuanzia 2016 hadi 2021, na baadaye akarejea Marekani. Uchunguzi wake kuhusu wasomi wa ughaibuni uliutangulia mpango wa Carnegie ulioanzishwa 2013, ambao uliwaleta wasomi wa asili ya Kiafrika kutoka Marekani na Kanada katika vyuo vya Afrika kwa ziara fupi za kufundisha, kutafiti na kusimamia wanafunzi.

Hesabu ya msomi wa leo

Msomi anayepima uamuzi huu leo ana nafuu ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Katiba ya 2010 inamruhusu raia wa Kenya kwa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kuupoteza wake, na aliyeupoteza zamani kwa sababu hiyo anaweza kuomba arudishiwe. Mlango wa sheria, basi, uko wazi.

Kilichobaki ni hesabu ya maisha. Upande mmoja kuna wazazi wanaozeeka, wanafunzi wanaosubiri wasimamizi, na furaha ya kufundisha isimu au ushairi kwa watu wanaoota kwa Kiswahili badala ya kuanzia maamkizi kila muhula. Upande wa pili kuna watoto waliozoea shule za kigeni, mwenzi mwenye kazi yake, malipo ya uzeeni yasiyohamishika kwa urahisi, na habari za nyumbani zisizotia moyo. Kati ya Septemba na Novemba 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma kwa wiki kadhaa wakidai fedha za makubaliano ya miaka ya nyuma. Anayesoma habari hizo akiwa ng'ambo hujiuliza kama atakuta hata upo, yaani chombo cha kuchotea maji, pindi atakaposhuka ngamani.

Wapo wanaosema kwamba katika enzi ya intaneti suala hili limepitwa na wakati, kwa kuwa mhadhara unaweza kutolewa kutoka popote. Hoja hii ina ukweli nusu. Kitabu, makala na usimamizi wa pamoja wa tasnifu vyaweza kufanywa kutoka mbali. Lakini mtaala hutetewa katika kikao, mwanafunzi aliyekata tamaa hugunduliwa ukumbini, na idara hujengwa na wanaokaa ndani yake. Hakuna anayechota maji ya ngamani akiwa amesimama omo. Wenye haki ya kwanza ya kusifiwa, basi, ni wale ambao hawakuondoka kamwe, waliofundisha madarasa yaliyofurika kwa mishahara iliyochelewa. Mjadala wa kurudi huwasahau mno.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kurudi si tendo moja, na kwamba kumpima msomi kwa mahali anapolala ni kukosea kipimo. Wapo waliorudi kwa mwili wasiinue kitu, na wapo walio mbali ambao vitabu vyao vimelea vizazi. Pamoja na hayo, ziko kazi zisizofanyika ila na aliyepo, na kwa kazi hizo ziara fupi na heshima za chansela si badala.

Mzigo, kwa hivyo, ni wa pande mbili. Msomi wa ughaibuni anapaswa kuchagua kazi mahususi anayoidaiwa nyumbani na kuitimiza, awe amehama au hajahama: kitabu kichapishwe panaposomwa, mwanafunzi mmoja asimamiwe hadi mwisho, likizo ya utafiti itumiwe katika idara ya nyumbani. Chuo nacho kinapaswa kukoma kuomba uzalendo mahali ambapo kinadaiwa ofisi, maktaba na mshahara unaolipwa kwa wakati. Siku mwanafunzi wa Kiswahili atakapokutana na mwalimu wake wa ng'ambo, asimuulize tena atarudi lini. Amwambie maji yamefika wapi, na nyupo zilizopo ni ngapi. Mwenye kujiona yumo chomboni ataelewa.