Somo la Nyumbani: Hadithi za Siri kwa Sikio la Mtoto

Mwezi huu tujifunze jambo moja linalohusu watoto wetu wa miaka 8 hadi 12. Zamani walikaa motoni wakategewa vitendawili. Kisha ikaja redio, na wengi wetu hapa Mbeya na Iringa twakikumbuka kipindi cha “Mama na Mwana” cha Redio Tanzania. Leo hata simu ya mkononi yaweza kumsomea mtoto kitabu kizima, hasa baridi ya Juni na Julai inapomfungia ndani.

Je, hadithi za siri, za mwizi aliyejificha na mpelelezi anayemtafuta, zamfaa mtoto? Sisi tuliofundisha walimu twasema zamfaa, kwa sharti moja: asipewe jibu kabla hajalitafuta.

Hadithi hizi ni vitendawili virefu. Msomaji aweza kurudi ukurasa wa nyuma, lakini msikilizaji hushika neno linapopita. Hivyo sikio huzoea kuwa makini, na mtoto azungumzaye Kinyakyusa au Kihehe nyumbani hujiongezea Kiswahili.

Wala si hadithi za wageni tu. Mwaka 1960 kilitolewa kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, “Mzimu wa Watu wa Kale”, chenye mpelelezi Bwana Msa. Hicho ni cha wakubwa. Kwa wadogo tuanze na Danieli na sanamu Beli, katika Apokrifa, ambayo Kanisa letu husoma kwa mafundisho ya mwenendo, si kwa kuthibitisha imani. Mwaka 1928 Dorothy L. Sayers, mwandishi Mwanglikana wa Uingereza, aliiingiza katika mkusanyo wake wa hadithi za upelelezi.

Tufanye hivi:

1. Mzazi asome kwa sauti, au ajirekodi kwa simu. Watu wa Babeli walimpelekea Beli kila siku unga, divai na kondoo 40, na asubuhi meza ilikuwa tupu. Mfalme akaamini kwamba sanamu inakula.

2. Asimame pale Danieli anapotandaza majivu sakafuni na mlango kutiwa muhuri. Aulize: “Majivu haya ni ya nini?” Amwache mtoto afikiri, hata akinyamaza kitambo.

3. Amalizie. Asubuhi zilionekana nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani 70 na jamaa zao walikuwa wakiingia kwa mlango wa siri chini ya meza.

4. Aulize tena: “Danieli alijua tangu mwanzo kwamba Beli ni udongo na shaba. Mbona hakutosheka kusema tu?”

Hapo ndipo penye uzito. Ng'ombe hufa asubuhi, na kabla ya jioni jina la bibi kizee fulani limekwisha tajwa. Katika nchi yetu wazee wamefukuzwa makwao, na wengine kuuawa, kwa uvumi tu. Mtoto aliyezoea kuuliza “Nyayo ziko wapi?” hatafuata upesi kundi la namna hiyo.

Tahadhari: mzazi aisikilize kwanza kila hadithi, na za kutisha zisisikilizwe kitandani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni neno gani tumelisadiki juma hili bila kuona nyayo? Limemwumiza nani?