Umeme wa Mvuke wa Ardhini: Faida Zake na Taabu Zake

Watu wengi wakisikia neno umeme hufikiri habari za maporomoko ya maji, au mitambo itoayo moshi. Katika makala haya nataka kueleza umeme wa namna nyingine, utokanao na joto la ardhi, kama ule wa Olkaria, karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa la Kenya.

Kwanza tuangalie asili yake. Chini sana ya ardhi mna miamba yenye moto mkali, na maji ya mvua hupenya katika nyufa hata kuifikia. Maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 100 hivi. Lakini maji ya chini yamegandamizwa kwa nguvu, na kwa hiyo yaweza kupita nyuzi 300 yasigeuke mvuke. Kisima kikichimbwa, mgandamizo hupungua, maji hupanda kwa kishindo, na sehemu yake hugeuka mvuke. Mvuke huo hutengwa na maji, ukapelekwa kwa mabomba kuzungusha gurudumu lenye mapanga mengi. Gurudumu huzungusha jenereta, na umeme hupatikana.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1904, huko Larderello, Italia, Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa mvuke wa ardhini. Olkaria walianza kuchimba mwaka 1956, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi mwaka 1981. Siku hizi karibu nusu ya umeme unaotengenezwa Kenya hutokana na joto hilo.

Faida zake ni kubwa. Hapana mafuta ya kununua wala makaa ya kuchoma. Tena mvua ikikosekana, mabwawa ya Mto Tana hupungua, kama ilivyokuwa mwaka 2000, watu walipopata umeme kwa zamu. Lakini mvuke hutoka usiku na mchana, masika na kiangazi.

Walakini, kizuri hakikosi ila. Pamoja na mvuke hutoka hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza, nayo ikijikusanya shimoni yaweza kuua mtu. Maji ya kisima yana chumvi na madini mengine yenye sumu. Yakimwagwa ovyo huharibu nchi. Dawa yake ni kuyarudisha chini kwa visima vingine, na jambo hili husaidia pia kuzuia hazina ya ardhini isikauke. Tena baadhi ya mitambo imo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, wakaamo pundamilia, twiga na tai. Barabara, mabomba na nyaya huwapunguzia nafasi.

Zaidi ya hayo kuna wanadamu. Mwaka 2014 jamaa za Wamasai walihamishwa kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV. Walijengewa nyumba mpya, lakini baadhi yao walilalamika mbele ya Benki ya Dunia, iliyokuwa miongoni mwa wakopeshaji, kwamba hawakutendewa sawasawa. Usuluhishi ulifanywa, na mwaka 2016 mapatano yakatiwa sahihi.

Kwa maoni yangu, mambo hayo si sababu ya kuuacha umeme huu, maana ni bora kuliko ule wa makaa ya mawe. Lakini haifai kuuita safi kwa sababu tu hauna moshi mweusi. Usafi wake hupimwa pia kwa maji yanakopelekwa, kwa njia waliyoachiwa wanyama, na kwa hali ya watu waliotoa ardhi yao ili sisi tupate taa ya kusomea.

Maswali

1. Kwa nini maji ya chini ya ardhi hayageuki mvuke ingawa yamepita nyuzi 100?
2. Taja sababu mbili za kuyarudisha maji ardhini.
3. Ungalikuwa mzee wa kijiji kinachohamishwa, ungalitaka uandikiwe mambo gani kabla ya kukubali?