SOMO LA UFUNDI: Kufungua usukani wa gari nyumbani



Wenzetu wengi wa Kasese na Bwera wenye gari za mtumba kutoka Japani huzifungua wenyewe uani siku ya Jumapili. Si vibaya. Lakini tazama kwanza katikati ya usukani: ukiona herufi SRS, ndani mna mfuko wa hewa unaofumuliwa kwa baruti. Hufumuka kabla hujapepesa jicho, na waweza kuvunja taya ya mtu hata injini ikiwa imezimwa.

Nyoosha magurudumu ya mbele, toa ufunguo, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Subiri dakika 10 au zaidi, maana umeme kidogo hubaki. Usipime nyaya zake kwa taa. Mfuko ukitoka, ubebe uso wake ukielekea mbali nawe, uulaze uso juu, mbali na watoto.

Tia alama kwenye usukani na mhimili wake, urudi palepale. Nati ilegeze tu, usiitoe. Tikisa usukani mpaka uachie, usije ukakupiga usoni.

Vifuniko vya milango hushikwa na klipu. Tumia kijiti cha mbao, si bisibisi: plastiki iliyopigwa jua la Kasese miaka mingi hupasuka kama ganda la yai. Vifuniko vya nguzo vyenye herufi zile viachie fundi.