Picha Hii Iliagizwa kwa Maneno Gani?

Picha ya akili mnemba huanza na maneno: mtu anaandika agizo, programu inachora. Kwa hiyo ukiletewa kwenye kundi la WhatsApp picha ya nyumba iliyopigwa radi "huko Sumbawanga", irudie kazi hiyo kinyumenyume. Aliyeitengeneza angekuwa ameandika nini?

Jaribu kuisema picha yote kwa sentensi moja. "Bibi kizee analia mbele ya nyumba inayowaka, usiku, radi angani." Kama hakuna kilichobaki nje ya sentensi hiyo, tia shaka. Picha iliyopigwa kwa simu pale Mazwi au Laela, huku kwetu Sumbawanga, haikosi vurugu zake: waya wa umeme umekatiza, ndoo ya mtu imeachwa njiani, kijana amegeuza kisogo, nusu ya bodaboda inaonekana pembeni.

Mashine nayo hujaziliza yasiyoagizwa, na humo ndimo inamojifichua. Stable Diffusion, programu mojawapo ya kuchora picha iliyotoka Agosti 2022, ilifundishwa kwa picha za mkusanyiko wa LAION-5B, wenye picha zaidi ya bilioni 5 zilizookotwa mtandaoni na maelezo yake, hasa sehemu yenye maelezo ya Kiingereza. Ukiagiza "kijiji cha Afrika" unaweza kuletewa migunga, vibanda vya duara na mtu aliyejifunga lubega. Ufipa, eneo letu hili la Sumbawanga, ni uwanda wa nyasi, na mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma. Picha inayodai kuwa ni ya huku mwezi Julai, alfajiri, na watu wako vifua wazi, iliagizwa na mtu asiyeijua baridi yetu.

Kwa mazoezi, tumia vitu unavyovijua. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, hudondoka mara moja tu, zaidi ya meta 200, kama uzi mweupe ndani ya korongo. Ukiona pazia pana la maji lenye ngazi tatu, agizo lilikuwa "maporomoko makubwa ya Afrika", jina la Kalambo likabandikwa baadaye. Wafua chuma wa Kifipa ni mtihani mgumu zaidi. Wazee walijenga tanuri la udongo lililopita kimo cha mtu, likivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mashine isiyolijua itakuchorea mhunzi na nyundo mbele ya moto wa wazi.

Zipo programu za kukisia agizo. Midjourney, programu nyingine ya kuchora picha, iliongeza huduma hiyo Aprili 2023: unapakia picha, inakupa maagizo manne. Zisikudanganye, maana ukizipa picha halisi ya harusi ya dada yako nayo zitaitungia agizo. Wala agizo sahihi halikurudishii picha ileile, kwa sababu uchoraji huanza na chengachenga za kubahatisha, ambazo kwa kawaida ni tofauti kila mara.

Wakati mwingine hakuna haja ya kukisia. Baadhi ya programu zinazotumia Stable Diffusion huliandika agizo ndani ya faili lenyewe la picha. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuyafuta maandishi hayo, hivyo mwombe aliyekutumia aitume kama hati, kisha fungua taarifa za faili kwenye kompyuta. Usipoyakuta, hujathibitisha lolote.

Picha ya bibi na radi si ya kuchekea: wapo wanaoamini kuwa radi hutumwa na wachawi, na kuna mtu halisi anayeweza kuitwa mchawi kwa ajili ya picha hiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa anayesambaza uongo kwa nia ya kupotosha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kabla ya kuisambaza, uliza ni kitongoji gani, kisha mpigie simu mwenyekiti wake.