Asidi na Besi: Ulimi Hautoshi

Makala haya yanazungumzia istilahi mbili za kemia ya mwanzo, asidi na besi, na jinsi jina linavyoweza kumfumba mwanafunzi au kumfumbua.

Hapa Nanyuki, mwanafunzi wa sekondari niliyekuwa nikimsaidia masomo alikataa katakata kwamba limau lina tindikali. "Tindikali huchoma watu," alinijibu. Hakuwa mjinga, neno hilo alikuwa amelisikia katika habari za mashambulizi pekee. Ilhali tindikali ni asidi yoyote, iwe ya betri ya gari au ya limau. Kinachozitofautisha ni nguvu ya asidi yenyewe na kiasi cha maji kilichochanganywa nayo.

Asidi ni neno lenye asili ya Kilatini, kwa maana ya uchachu. Alikali, yaani besi inayoyeyuka majini, limetoka katika Kiarabu likirejelea majivu ya mimea. Majina haya basi yalizaliwa ulimini na jikoni. Hata hivyo, ulimi haupimi, na kuonja kemikali ni hatari.

Tuchukue chai ya rangi, ambayo majani yake hustawi katika udongo wenye asidi wa miteremko ya Mlima Kenya. Ukiikamulia limau, rangi hufifia. Ukitia magadi, yale yanayolainisha maharagwe ya githeri, rangi hukoza. Chai hapo imefanya kazi ya litimasi, ambayo huwa nyekundu katika asidi na buluu katika besi.

Mwaka 1909, Sørensen wa Denmark alianzisha kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara 10. Mwaka 1923, Brønsted na Lowry, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba asidi hutoa protoni na besi huipokea. Kutoa na kupokea ni maneno ya kila siku; Kiswahili hakikosi cha kusema hapa.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ilikwisha kutuwekea msingi wa istilahi. Kilichobaki ni ufafanuzi. Napendekeza asidi iwe istilahi kuu darasani, tindikali ielezwe wazi kuwa kisawe chake, na mfano utangulie fasili. Mwanafunzi wangu hakushawishiwa na kamusi; alishawishiwa na kikombe cha chai.